Mbwa, Kuku na Jirani: Historia ya Hukumu ya Ulinzi, Kutoka Bustani za Madina Hadi Ua wa Umeme wa Same

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na Maswahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, tuchukue masala haya. Mtu ana nyumba pembezoni mwa mji wa Same. Uwanja wake ni mpana, hauna ukuta. Umezungushiwa minyaa ambayo imekwisha kuachana nafasi. Anafuga mbwa kwa ajili ya wezi, na kuku wa kienyeji kwa ajili ya mayai na kitoweo cha wageni. Jirani yake naye ana kuku. Mbwa amekwisha kuua matembe mawili ya jirani na vifaranga kadhaa, baada ya kumaliza wale wa bwana wake. Nduguye aliye ughaibuni anamletea kifaa: sanduku dogo la kuchomeka kwenye umeme, waya wa kufukia ardhini kuzunguka uwanja, na mkanda wa kumvika mbwa shingoni. Mbwa akiusogelea waya, mkanda hulia. Akizidi kusogea, humpiga umeme shingoni. Hakuna seng'enge wala ukuta, na mpita njia haoni kitu. Mwenye mbwa anamwambia jirani: "Sasa tumemalizana, mbwa wangu ana ua." Je, ni kweli wamemalizana?

Swali linaonekana jipya kwa sababu waya ni mpya. Kwa hakika ni swali la zamani sana, na kinachotufanya tulione jipya ni namna tunavyosomeshwa habari za mbwa. Mtoto wa madrasa, awe wa Usangi, wa Gonja au wa Hedaru, hukutana na mbwa kwa mara ya kwanza katika mlango wa tohara: kwamba katika madhehebu yetu ya Shafii ni najisi nzito, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Hapo ndipo wengi wanapomwacha. Wachache hufika kwenye milango ya mwisho ya vitabu vya fikihi, ambako mbwa, paka, ngamia na hata nyuki wanajadiliwa kwa hasara wanazowatia watu. Matokeo yake, Muislamu anaosha kanzu yake mara saba kwa mate ya mbwa wake, na hana habari kuwa anadaiwa kuku wa jirani.

Ngamia wa Al-Baraa

Asili ya hukumu hii iko Madina. Imepokewa katika Muwatta wa Imam Malik na katika Sunan ya Abu Dawud kwamba ngamia jike wa Al-Baraa bin Azib (r.a.) aliingia katika bustani ya watu akaharibu. Mtume (S.A.W.) akahukumu kuwa wenye bustani ndio wa kuzilinda mchana, na wenye wanyama ndio wa kuwalinda wanyama wao usiku; mnyama akiharibu usiku, hasara ni juu ya mwenyewe. Na kabla ya hapo Qur'ani Tukufu imetusimulia, katika Suratul Anbiyaa aya ya 78 na 79, habari ya Nabii Daud na Nabii Suleiman (a.s.) walipohukumu juu ya shamba lililoingiliwa na kondoo usiku. Wafasiri wanaeleza kuwa Daud alitaka kumpa mwenye shamba kondoo wale. Suleiman akaona njia nyingine: mwenye shamba anufaike na maziwa, sufi na vizazi vya kondoo mpaka mwenzake alirudishe shamba katika hali yake, kisha kila mmoja achukue chake.

Ipo hadithi nyingine, sahihi, ya Abu Hurayra (r.a.) katika Bukhari na Muslim, isemayo kwamba jeraha analotia mnyama halina fidia. Imam Abu Hanifa aliichukua kwa upana wake, hakumtwika mwenye mnyama fidia usiku wala mchana iwapo mnyama ametoka mwenyewe. Al-Layth bin Saad wa Misri akaenda upande wa pili, akamtwika usiku na mchana. Malik, Shafii na Ahmad walizikusanya hadithi zote mbili: mchana hapana, usiku ndiyo.

Kwa nini usiku na mchana? Kwa sababu ndiyo ilikuwa desturi ya watu wa Madina na ya watu wengi wa mashamba. Mnyama hana budi kwenda malishoni mchana, na mkulima yuko shambani mchana. Usiku mnyama hurudishwa zizini, na mkulima hulala. Kila mmoja amepewa saa zile ambazo ulinzi kwake ni mwepesi. Ndiyo maana maulamaa wa Kishafii wakasema, na hii ndiyo rai sahihi zaidi kwao, kwamba ikiwa katika mji fulani desturi ni kinyume, hukumu nayo hugeuka. Nukta hii tuishike, tutaihitaji tukifika Same.

Paka wa Imam An-Nawawi

Imam Muhyiddin An-Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria (1277), aliandika Minhaj At-Talibin, kitabu ambacho baada yake kila mwanachuoni wa Kishafii amekuwa ama akikisoma ama akikishereheshea. Katika mlango wa kujikinga na mshambuliaji kuna kifungu cha hasara za wanyama, na kifungu hicho kinamalizikia kwa paka. Paka aliyeharibu ndege au chakula cha mtu, iwapo tabia hiyo imekwisha kujulikana kwake, mwenyewe hulipa, iwe usiku au mchana. Iwapo haikuwahi kujulikana, halipi. Zote mbili ndizo rai sahihi zaidi katika madhehebu.

Tazama tofauti iliyoko baina ya ngamia na paka huyu. Kwa ngamia, tumeuliza saa ngapi. Kwa paka tunauliza anajulikanaje. Mnyama aliyekwisha kuonja kuku haangalii jua limefika wapi, na mwenyewe akijua hivyo amepoteza udhuru wa mchana. Washereheshaji hawakuishia kwa paka. Al-Khatib Ash-Shirbini, aliyefariki mwaka 977 Hijria (1570), anamtia katika maana hiyo kila mnyama aliyezoea uadui, akitaja ngamia na punda waliojulikana kwa kuuma wanyama wengine. Mbwa ndiye wa kwanza kuingia hapo. Walijadili pia tabia hujulikana kwa mara ngapi, yatosha moja au mpaka mbili tatu, wakilinganisha na mbwa wa kuwindia, ambaye hahesabiwi kuwa amefunzika mpaka arudierudie.

Kuna mtu mjanja atasema: katika madhehebu ya Shafii mbwa si mali, hauziki, na anayemuua halipi thamani yake, basi mimi si mmiliki, nitalipaje? Washereheshaji walimfungia mlango huyo mapema. Walisema mlipaji ni mmiliki au yule anayempa mnyama makazi. Anayekula kwako na kulala barazani kwako ni wako katika hasara, hata kama si wako sokoni.

Na mwenye kuku je, anaweza kumuua mbwa au paka yule? Akimkuta anashambulia, atamzuia kwa kilicho chepesi kwanza, na hapandi kwenye kizito ila chepesi kikishindwa. Lakini kumvizia akiwa ametulia ni jambo jingine. Qadhi Husayn aliruhusu kwa paka mwenye madhara. Al-Qaffal alikataza, na An-Nawawi ameona rai ya kukataza ndiyo sahihi zaidi, kwa hoja kwamba ukali wake huja na kuondoka, na kujihadhari naye ni jambo jepesi. Wale wanaotega nyama yenye sumu kwa ajili ya mbwa wa jirani waisome hoja hiyo taratibu.

Ufugaji wenyewe umewekewa mpaka. Hadithi za Abu Hurayra na Ibn Umar (r.a.) zimetaja kuwa anayefuga mbwa asiye wa mifugo, wa shamba au wa kuwinda, hupungukiwa na thawabu kila siku. An-Nawawi, katika sherehe yake ya Sahih Muslim, ameona inajuzu pia kumfuga kwa kulinda nyumba na vichochoro, kwa kiyasi cha hao watatu. Mbwa wa kukumbatiwa sebuleni, ambaye siku hizi anaonekana hata katika miji yetu, hana nafasi katika kiyasi hicho. Sisi tunazungumzia mbwa wa kulinda.

Njia ya Pangani

Hukumu hizi zilifikaje milimani? Katika karne ya 19 misafara ya biashara kutoka Pangani na Tanga ilipanda kufuata bonde la mto Pangani na ukingo wa milima ya Usambara na Upare, ikielekea Kilimanjaro na nchi ya Wamasai. Gonja na Kisiwani, kwenye tambarare ya mashariki ya Upare Kusini, zilikuwa miongoni mwa vituo vyake. Uislamu ulipita njia hiyo hiyo pamoja na nguo na shanga. Reli ya Tanga ilipofika Moshi mwaka 1911, kituo cha Same kikiwa njiani, mwalimu wa pwani hakuhitaji tena siku nyingi za miguu. Waliokuja walikuwa Mashafii, na kitabu cha kadhi katika pwani hii kilikuwa Minhaj na sherehe zake.

Watawala wa Kijerumani walilijua hilo. Mwaka 1897, Berlin, Eduard Sachau alichapisha kitabu kikubwa cha sheria ya Kiislamu kwa madhehebu ya Shafii, na haja za koloni la Afrika Mashariki zilikuwa katika sababu zake. Waingereza nao walikuwa na Minhaj kwa Kiingereza, tafsiri ya mwaka 1914 iliyotokana na ile ya Kifaransa ya Van den Berg. Mahakama zao, hata hivyo, zilimtafuta An-Nawawi kwa ndoa, mirathi na wakfu. Paka wake aliachwa kitabuni, na madai ya hasara za wanyama yakahukumiwa kwa kanuni za Kiingereza zilizopokewa Tanganyika mwaka 1920.

La ajabu ni kwamba kanuni hizo zilikuwa zikiuliza swali lile lile: je, mwenye mnyama alikuwa akiijua tabia yake mbaya? Huko England kwenyewe waliliacha swali hilo kwa upande wa mbwa na mifugo. Sheria yao ya mwaka 1971 inamtwika mfugaji wa mbwa hasara ya mifugo iliyouawa, kuku wakiwemo, bila kumuuliza kama alijua. Ukitaka, sema wamesogea upande wa Al-Layth bin Saad.

Mchana wa kuku, usiku wa mbwa

Turudi sasa kwenye desturi, maana tumeona hukumu inamfuata ada. Desturi ya kuku wa kienyeji katika nchi yetu inajulikana: hufunguliwa asubuhi, hujitafutia, hurudi wenyewe jioni na kufungiwa. Hakuna anayewachunga. Desturi ya mbwa wa ulinzi katika nyumba nyingi ni kinyume chake: hufungwa au kutiwa bandani mchana, hufunguliwa usiku watu wakilala. Bila ya mtu yeyote kufungua kitabu, saa 24 zimegawanywa kati ya kuku na mbwa, mchana wa huyu na usiku wa yule. Watu wa Upare hawashangai kugawana saa. Ndiva zao, mabwawa madogo ya kumwagilia mashamba, hujazwa maji usiku na kufunguliwa asubuhi, na kila mtu ana zamu yake.

Kwa hiyo Same ni miongoni mwa ile miji ambayo kwayo hukumu inageuka. Mbwa akiua kuku mchana, wakati ambao desturi inamtaka awe amefungwa, mwenyewe hana pa kujificha, hata kama ndiyo mara ya kwanza. Akiua usiku kuku aliyelala juu ya mti kwa sababu jirani hakujenga banda, na mbwa huyo hana historia, tunaweza kusema mwenye kuku ameacha zamu yake. Lakini akiwa ni mbwa anayejulikana, tumekwisha kusoma: usiku na mchana ni sawa. Mbwa wa masala yetu anajulikana.

Waya uliofukiwa

Ua wa umeme si mgeni Same. Pori la Akiba la Mkomazi, lililoanzishwa mwaka 1951 na kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2008, lina eneo la faru lililozungushiwa nyaya za umeme tangu miaka ya 1990. Humo Mkomazi walizalishwa pia mbwa mwitu katika mazizi. Mwishoni mwa mwaka 2000 na mwanzoni mwa 2001 maradhi ya distempa yaliingia, yakaua 49 kati ya 52. Ua huzuia kile kinachougusa tu.

Waya wa masala yetu ni wa namna nyingine kabisa. Ulianza Marekani mwaka 1973 kwa kazi ya Richard Peck. Waya uliofukiwa haumpigi mtu wala mbuzi anayeukanyaga. Unatoa mawimbi ya redio, na mkanda wa shingoni ndio unaoyapokea na kumpiga aliyeuvaa. Mbwa lazima afundishwe kwanza, kwa siku nyingi, akionyeshwa vibendera vya mpaka mpaka aelewe kuwa mlio unatangulia maumivu. Betri ya mkanda hufa. Umeme wa nyumba ukikatika, mpaka nao umekatika. Mbwa aliyepandwa na hamu ya kukimbiza anaweza kuuruka kwa pigo moja na kujikuta nje, kisha akaogopa pigo la kurudi. Na mbwa koko asiye na mkanda, na kicheche, na nguchiro, wanaingia kama kawaida. (Mwewe simtaji, ingawa katika hadithi ya Bibi Aisha (r.a.) ya wanyama watano waudhi wanaouawa hata katika Haram, yeye na mbwa mkali wametajwa pamoja, na mwenye vifaranga hatauliza kwa nini.)

Kwa hiyo kifaa hiki hakimlindi kuku. Kinamzuia mbwa mmoja, kwa sharti la betri, umeme na mafunzo. Kwa lugha ya fikihi, ni kamba ndefu isiyoonekana, na hukumu ya kamba inajulikana: mwenye mbwa mkali amewajibishwa kumfunga, na kamba ikikatika kwa uzembe wake, kama vile kuacha betri iishe, hasara ni yake. Kuna jambo la ziada ambalo naona wengi hawatalitazama. Kabla ya waya, mbwa alikuwa akifungwa mchana. Baada ya waya, bwana wake anamwachia mchana kutwa kwa kuutegemea mkanda. Aliyevunja mgawanyo wa saa ni yeye, kwa maslahi yake. Jirani hakuombwa ruhusa, na hata mpaka wenyewe hauoni ili ajue kuku wake wakivuka wapi wamo hatarini. Kwa mtazamo wangu, mimi ambaye si mufti bali msomaji wa vitabu vya mamufti, mzigo wake wa fidia umeongezeka uzito siku alipouchomeka ule waya. Neno lake la kwamba wamemalizana halina msingi.

Ama kuku wa jirani waliovuka wenyewe wakaingia ndani ya mstari? Hapo ada ndiyo hakimu. Uwanja usio na ukuta, katika nchi ambayo kuku huachiwa, hauwi haramu kwa kuku kwa sababu mtu mmoja amefukia waya. Na mbwa anayejulikana huwa na dhima hata hapo. Afadhali waya huo uzungushwe banda la kuku na kiwanja chao, ili mbwa akatazwe kuwasogelea, kuliko kuzungushwa mpaka wa nyumba na kuwaacha wote wawili ndani. Kwani hata kuku wa mtu mwenyewe, ambao hakuna wa kumdai kwa ajili yao, wana haki. Al-Izz bin Abdis-Salam, aliyefariki mwaka 660 Hijria (1262), katika kitabu chake cha Qawaid Al-Ahkam amezihesabu haki za wanyama juu ya wanadamu: walishwe hata wakiwa wagonjwa wasio na manufaa, wasibebeshwe wasichokiweza, na wasiwekwe pamoja na kinachowaudhi kwa kuvunja, kupiga pembe au kujeruhi, kiwe cha jinsi yao au cha jinsi nyingine. Anayemfungia kuku wake uwanja mmoja na mbwa aliyekwisha kuwaonja, ameigusa haki hiyo.

Mbwa naye ana haki zake katika kifungu hicho hicho. Tunazo hadithi za aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu, na za mwanamke aliyeadhibiwa kwa paka aliyemfunga bila chakula. Mtume (S.A.W.) alikataza kumpiga mnyama usoni na kumtia chapa usoni. Shingo si uso, na maulamaa wameruhusu pigo jepesi la kufunza pale penye haja; lakini haja haithibiti mpaka njia nyepesi zijaribiwe: mlio peke yake, mnyororo wa mchana, seng'enge ya banda. Wales ilipiga marufuku mikanda ya umeme mwaka 2010, ile ya mipaka ikiwemo. Kwetu ipo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayokataza ukatili kwa wanyama. Mfano wa njia nyepesi hauko mbali: ng'ambo ya mto, Simanjiro, wafugaji wamezungushia maboma yao miti hai pamoja na seng'enge, na kijana wa Kimasai wa Kenya, Richard Turere, alijulikana duniani mwaka 2013 kwa taa za kuwakawakawaka zinazomfukuza simba asiguswe. Mkanda ukikaa shingoni usiku na mchana hutia vidonda, na kidonda cha namna hiyo hakiwezi kuitwa mafunzo.

Imebaki fidia yenyewe. Kuku si kama mchele, kwamba kilo hulipwa kwa kilo. Mnyama hulipwa thamani yake ya siku alipoharibiwa, mahali alipoharibiwa. Wakiafikiana kuku kwa kuku, hiyo ni sulhu, na sulhu inajuzu. Lakini bei ya tembe linalokaribia kutaga si bei ya jogoo dume aliyekonda, na anayesuluhisha, awe imamu au mwenyekiti wa kitongoji, asiwachanganye. Na kuna jambo ambalo halikosekani katika ugomvi wa kuku: mtetea ameuawa akiwa na vifaranga, nao wakafa kwa baridi ya milimani siku ya tatu. Wanachuoni wa Kishafii walilitazama hili katika habari ya mtu aliyemchinja njiwa wa mwenzake, kinda lake likafa kwa kumkosa. Na wapo waliosema kinda nalo linalipwa, kwa kuwa limeondolewa kile lilichokuwa likiishi kwacho. Basi msuluhishi asihesabu manyoya yaliyotapakaa uwanjani peke yake. Aulize pia kama yule mtetea alikuwa ameatamia, na juu ya mayai mangapi.

Wallahu a'alam.